Tawi la Bi Mwajuma

Mliponiomba niandike miaka yangu ya kazi, nilikubali papo hapo, kisha nikakaa wiki mbili nikijiuliza kwa nini mmeniomba. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilianza kukumbuka nani alisema na nani alinyamaza, na kwa nini wazo hilo lilitolewa wakati nimetoka kunywa chai. Nimekuwa hivi tangu nilipoajiriwa, na sioni kustaafu kutanibadilisha. Kwa hiyo nitaandika juu ya lile jambo ambalo shaka zangu nusura zimharibie mtu maisha, ili angalau mjue mliyemwomba ni nani. Vyeo na mishahara nitaviruka. Anayevitaka, faili langu lipo masijala.

Niliripoti Dodoma miaka ya tisini, wakati mashirika yanauzwa na ofisi zinapunguza watu. Kila aliyeingia kazini alitazamwa kama amekuja kuchukua nafasi ya mtu, na kwa kweli mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa maji, nyuma ya stesheni. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta nikiona viatu vimepangwa nje, nikadhani kuna msiba. Kumbe ilikuwa sheria: hakuna kuingia na viatu, kwa sababu ya vumbi. Upepo wa Dodoma mnaujua. Kila mashine ilishonewa kifuniko cha kitambaa, na cha printa kilikuwa na maua. Nilivua viatu, nikagundua soksi yangu ina tundu kidoleni, nikashinda siku nzima nimekunja mguu chini ya kiti. Nina hakika hakuna aliyeona. Nina hakika pia kwamba wote waliona.

Kazi yetu ilikuwa kutunza daftari la visima ndani ya kompyuta. Kila kisima kilikuwa na mstari wake: kijiji, kina cha kisima, kina cha maji, urefu wa bomba linalohitajika. Kila mwisho wa mwezi tulichapa orodha na kuwapelekea mafundi wa Bahi, Mvumi na Chamwino, nao wakashusha pampu kufuata orodha hiyo. Orodha ikikosea, bomba linakuwa fupi, pampu inavuta upepo, na akina mama wanarudi na ndoo tupu. Hakukuwa na siri zaidi ya hiyo katika kazi yetu. Mengine yote yalikuwa vifungo vya kubonyeza.

Tulikuwa watatu chumbani. Aliyenifundisha kazi ni Bi Mwajuma, mwenyeji wa mjini pale, mtu wa makamo aliyeanza kama mpiga chapa na kujifunza kompyuta kwa kozi fupi mbili na ukaidi mwingi. Yeye ndiye aliyepokea vipimo kutoka vijijini na kuviingiza. Wa pili alikuwa Ndahani, Mgogo wa Mvumi, mwandishi wa programu. Mimi ni Mhehe, mtani wa Wagogo; sisi husemwa tunakula mbwa, wao husemwa ni ombaomba. Kwa hiyo kabla sijakaa kwenye kiti, utani ulikuwa umeshaanza.

“Karibu, Mhehe,” alisema Ndahani. “Mbwa wa getini hajaonekana tangu asubuhi. Tusaidie kumtafuta. Anza na mkoba wako.”

“Sina hata saa moja hapa,” nikamwambia, “na Mgogo hajaniomba kitu. Unaumwa?”

Bi Mwajuma alicheka mpaka akavua miwani. “Mwanangu, utakaa hapa,” akasema. “Nimepewa meza ya dirishani. Hii ya zamani sasa ni yako, na mashine yake, na kila kilichomo.”

Hayo maneno ya mwisho, “na kila kilichomo,” niliyachukulia kama ukarimu.

Sasa nieleze mfumo, kwa sababu baadhi yenu mlizaliwa baada yake. Daftari letu lilitunzwa kwa mfumo wa matoleo. Kulikuwa na shina, yaani daftari lililokwisha kukaguliwa na kukubaliwa. Kulikuwa na matawi, yaani nakala zilizoachwa ziendelee kivyake mpaka zikaguliwe na kuunganishwa na shina. Ukimaliza kazi kwenye meza yako, yaani mafaili yaliyo kwenye mashine yako, unaiingiza, na mfumo unaandika: toleo fulani, limeingia tawi fulani. Aliyeufunga alikuwa mtaalamu kutoka nje, aliyekaa pale miezi michache na kuondoka kabla sijafika. Aliacha mambo mawili. La kwanza, wote tuingie kwenye mashine kwa jina moja, “mradi”, kwa sababu majina mengi yalimchosha. La pili, kila mtu awe na tawi lenye jina lake. Kwa hiyo kumbukumbu za mfumo hazikusema kamwe nani ameingiza kitu. Zilisema tu ni tawi la nani, na sisi sote tulisoma jina la tawi kama saini ya mwenye tawi.

Aliacha pia mwongozo wa kurasa arobaini. Niliusoma mara tatu wiki ya kwanza, nikazidi kuchanganyikiwa kila mara. Ukurasa wa pili shina linaitwa shina. Ukurasa wa tisa linaitwa tawi kuu. Mbele kidogo linaitwa mstari wa kwanza, na karibu na mwisho kuna “nyumbani”, ambayo hadi leo sijui ni wapi. Kufungua tawi, kuwa na tawi na kufanya kazi kwenye tawi vimeandikwa kama kitu kimoja. Nilishuku ameandika hivyo makusudi ili tushindwe, tumwite tena kwa mkataba mpya. Nilimweleza Ndahani nadharia hiyo kwa kirefu.

“Mgeni yule hakuwa mjanja kiasi hicho,” akasema. “Alikuwa anawahi ndege.”

Sentensi moja ya mwongozo ule niliishika kama dawa: fungua tawi lenye jina lako, na lolote utakalofanya halitamgusa mwingine. Kwa mtu mwenye hofu kama mimi, hiyo ilikuwa habari njema. Siku hiyohiyo nilifungua tawi, nikaliita Restituta, na kwa mara ya kwanza nikalala vizuri.

Umeme ulikuwa wa mgawo. Nilikuwa na ndoto inayojirudia kwamba nimefika Jumatatu na kila kitu kimefutika, na kwamba wote wamesimama wananitazama soksi. Kwa hiyo nilijitungia utaratibu. Kila Ijumaa saa tisa nilinakili kila kilichokuwa kwenye meza yangu kwenye disketi, nikaifunga kwa mfuko wa plastiki, nikaenda nayo nyumbani. Jumatatu nilifika kabla ya wote. Kwanza nilivuta matoleo mapya kutoka kwenye mfumo, kama mwongozo unavyosema. Kisha, kwa kuwa sikujua nani amegusa nini mwisho wa wiki, niliweka mafaili ya disketi juu ya yale niliyovuta, na kuingiza yote. Hapo moyo ulitulia. Nilikuwa kwenye tawi langu, simgusi mtu. Sikumwambia yeyote utaratibu huo. Niliogopa wangenicheka, na niliogopa zaidi wangeuiga na kuniharibia.

Mwezi wangu wa tatu kazini, fundi wa Bahi alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya matope, akakataa kuvivua.

“Siingii, nasemea hapahapa,” akasema. “Orodha yenu mmeitoa wapi? Mwaka huu maji yameshuka, nimepima mimi, nimewaandikia kwenye daftari, nimelileta. Mnanirudishia vina vya mwaka jana. Nimeshusha pampu inavuta upepo. Wanakijiji wananiambia nimekula mabomba yao.”

“Niliingiza, baba,” alisema Bi Mwajuma. “Vipimo vyako nimeviingiza vyote.”

“Viko wapi?”

Bi Mwajuma alifungua skrini yake, akavuta toleo la mwisho. Vina vilikuwa vya mwaka jana. “Mashine hii inakula,” akasema, akafungua daftari la fundi na kuanza kuingiza upya, huku fundi amesimama pale pale akimhesabia.

Mwezi uliofuata alirudi. Safari hii hakuja na hasira, alikuja na barua ya kijiji yenye mihuri. Meneja wetu, mtu mpole aliyekuwa na tabia ya kurudia neno la mwisho ulilosema, aliniita ofisini kwake.

“Wewe ni msomi,” akasema. “Tazama kumbukumbu za mfumo, uniambie ni mkono wa nani. Kamati ya kupunguza wafanyakazi inakaa Alhamisi ya wiki ijayo. Bi Mwajuma hayumo kwenye orodha. Lakini kama ndiye anayefanya haya, hatapunguzwa, ataondolewa kwa kosa. Unajua tofauti?”

“Najua.”

“Najua,” akarudia. “Basi andika ulichoona.”

Tofauti tuliijua wote. Aliyepunguzwa aliagwa na kupewa haki yake na barua nzuri. Aliyeondolewa kwa kosa alitoka na mkoba wake tu, na mji wa Dodoma wakati ule ulikuwa mdogo, kosa lako lilifika sokoni kabla yako. Bi Mwajuma alikuwa na miaka ishirini na kitu kazini, na mama yake mzazi alikuwa akimtegemea.

Nikaanza kuchunguza, na lazima nikiri nilichunguza kwa hamu. Kumbukumbu zilikuwa wazi. Vina vipya viliingia tawi la Mwajuma, ambako orodha ya mafundi ilichapwa. Halafu vina vya zamani vikaingia tawi hilohilo la Mwajuma. Vipya, vya zamani, vipya, vya zamani, wiki baada ya wiki. Saa za matoleo hazikusaidia, kwa sababu saa ya mashine ilipoteza hesabu kila umeme ulipokatika na hakuna aliyeona faida ya kuirekebisha. Lakini mfuatano ulikuwepo, na jina lilikuwepo. Anaweka kwa mkono mmoja, nikawaza, anaondoa kwa mwingine.

Nikaenda kwa askari wa getini kuomba daftari la kuingia na kutoka. Nilimdanganya kuhusu sababu. Bi Mwajuma alikuwa amesaini karibu kila Jumamosi, peke yake, ofisi ikiwa imefungwa. Kwa nini? Nikauliza huku na huku, nikasikia ana kaka yake mwenye duka karibu na soko, na dukani kwake, tangu biashara zilipofunguliwa, anauza mabomba ya kutoka nje. Bomba likiwa fupi, mtu atanunua kipande cha kuongezea. Yote yakashikana. Nilijiona mwerevu sana, jambo ambalo siku hizi nikilihisi huwa naacha kazi na kwenda kutembea.

Niliandika kurasa tatu. Meneja aliniomba nilichoona, nikampa na nilichowaza. Sikumuuliza Bi Mwajuma swali lolote. Tulikaa meza mbili zinazotazamana, tukala naye karanga kwenye bakuli moja, na saa kumi nikapeleka bahasha.

Meneja aliisoma nikiwa nimesimama. “Kaka yake,” akasema taratibu. Kisha akanipa kazi nyingine: niandike mwongozo mpya, kwa Kiswahili, mfupi, wenye kuita kila kitu kwa jina moja tu, ili atakayechukua meza ya Bi Mwajuma asipotee. Alisema “atakayechukua” bila kunitazama.

Sasa, mimi ni mwoga wa maandishi. Siwezi kuandika sentensi ya maelekezo bila kuijaribu kwanza, kwa sababu naona tayari mtu miaka kumi baadaye anaifuata na kuharibikiwa na kunilaani. Shaka hii ndiyo pekee ninayoweza kuwashauri muwe nayo. Nilipanga maneno: shina liitwe shina, basi. Toleo liitwe toleo. Nilipofika kwenye matawi nikaandika: ukifungua tawi lenye jina lako, kazi yako itaingia humo. Kisha, siku moja kabla ya kamati, wenzangu wametoka kula mchana, nikaijaribu.

Nilifungua tawi jipya, nikaliita jaribio. Nikaandika neno moja kwenye faili, nikaliingiza. Nikaenda kutazama ndani ya jaribio. Hakukuwa na neno. Nikarudia. Hakuna. Nikadhani mashine imechoka, nikaizima na kuiwasha. Nikaanza kulitafuta neno langu tawi kwa tawi, nikalikuta limekaa tawi la Bi Mwajuma.

Kisha nikafungua tawi liitwalo Restituta, ambalo niliamini nimelifanyia kazi miezi yote ile. Lilikuwa kama siku nilipolifungua. Hakuna mstari ulioongezeka. Nilikuwa nimejenga chumba, nimeandika jina langu mlangoni, na sikuwahi kuhamia.

Kufungua tawi kulikuwa ni kulitengeneza tu. Hakukukuhamisha popote. Meza ilibaki imesimama kwenye tawi ilipokuwa imesimama, mpaka uiamuru ihame, na amri ya kuhama ilikuwa ukurasa wa thelathini na kitu, chini ya kichwa cha habari ambacho hakikutaja tawi kabisa. Meza yangu ilikuwa meza ya Bi Mwajuma. Alipohamia dirishani aliniachia mashine na kila kilichomo, na kilichomo ni pamoja na mahali iliposimama. Kila nilichoingiza tangu siku ya kwanza kiliingia tawi lake. Na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya wote, nikiwa na disketi yangu ya Ijumaa kwenye mfuko wa plastiki, nilikuwa nafuta kila alichoingiza Jumamosi.

Nitawaambia ukweli nilichofikiria. Nilifikiria kuhamisha meza yangu kimyakimya na kutosema. Mashine ingeacha kula, hakuna ambaye angejua kwa nini. Nilifikiria pia kwamba Bi Mwajuma labda ana makosa mengine. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na watu wa kwetu walikuwa wameshatangaza kila mahali kwamba binti yao yuko serikalini. Nilikuwa katikati ya mawazo hayo Ndahani aliporudi, anajichokoa meno.

“Mhehe, umeona mzimu?”

Nikamwonyesha. Neno langu moja, tawi la jaribio, tawi la Bi Mwajuma. Kisha disketi. Alianza kucheka, alicheka kweli, akapiga meza. “Jamani! Mwizi analinda nyumba!” Halafu kicheko kikaisha ghafla. Alijua kuna bahasha; chumba kile hakikuwa na siri.

“Umeshampa Meneja?”

“Juzi.”

“Kamati kesho.”

“Najua.”

Akaangalia miguu yangu. “Basi vaa viatu,” akasema.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikachora matawi kwenye karatasi yake ya mezani.

“Kwa hiyo ni wewe,” akasema.

“Ni mimi.”

“Na Jumamosi?”

“Jumamosi anakuja kufanya kazi.”

“Na kaka yake?”

“Kaka yake anauza mabomba tu, mzee.”

“Anauza mabomba tu.” Alifungua droo, akatoa kurasa zangu tatu, akazipima mkononi kama mtu anayepima nyama. “Unajua uko kwenye majaribio?”

“Najua.”

“Utaandika nyingine, kwa mkono wako, nitaisoma kesho mbele ya kamati. Hii sitaichana. Mpelekee mwenyewe, asome, halafu urudi uniambie amesema nini.”

Nilimwomba aichane. Nilimwomba, naona aibu kusema, mara mbili. Akanifungulia mlango.

Bi Mwajuma alikuwa anafuta vumbi kwenye printa. Nilimpa. Nilianza kueleza, akaninyooshea kidole ninyamaze, akavaa miwani, akakaa, akasoma. Alisoma kurasa zote tatu, na ya pili aliirudia. Ndahani alitoka nje bila kuaga.

“Hapa umeandika, huja peke yake Jumamosi.”

“Ndiyo, mama.”

“Ulitaka nije na nani? Daftari la Bahi linafika Ijumaa jioni, na gari la mafundi. Ijumaa alasiri nina darasa la akina mama msikitini, Meneja mwenyewe ameniruhusu, mwaka wa sita huu. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuingiza. Hilo hata mbwa wa getini analijua.”

Akageuza ukurasa.

“Na kaka yangu umemwandika. Jina umelikosea.” Akakunja karatasi. “Unakaa hapo, mimi nakaa hapa. Ungeniita tu, Mama, mbona unakuja Jumamosi? Ungeshindwa?”

“Niliogopa.”

“Uliniogopa mimi, au uliogopa nitakujibu?”

Swali hilo bado ninalo. Nikamwambia tu kwamba ni mimi niliyekuwa nafuta, nikamweleza disketi, meza, tawi. Alisikiliza kama anavyosikiliza vipimo vya fundi, akiuliza pale tu asipoelewa. Alielewa haraka kuliko Meneja.

“Kumbe nilikuachia meza nikakuachia na tawi,” akasema. “Na mimi sikujua. Mgeni alitwambia tawi ni jina lako.” Alitazama dirishani. “Nilikuwa nawaza ni Ndahani. Mwezi mzima nilimshuku yule kijana. Nilimwona anavyopenda kugusagusa mashine, nikasema ndiye, anataka nionekane mzee. Hata chai nikaacha kumpa.”

Nikadhani ananifariji.

“Lakini sikuandika,” akasema.

Kamati ilikaa, barua yangu ikasomwa, na Bi Mwajuma akabaki kazini. Mimi niliongezewa majaribio, nikaonywa kwa maandishi. Bahi walipelekewa orodha sahihi na barua ya kuomba radhi, na safari hiyo ya kuipeleka nilitumwa mimi. Fundi aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza kama najua kushusha bomba, nikasema sijui, akanipa upande mmoja wa mnyororo. Tulishusha bomba la kisima kimoja mpaka jioni, na akina mama wamekaa pembeni wanatutazama. Maji yalipotoka, hakuna aliyepiga makofi. Walipanga ndoo tu.

Mwongozo mpya ulikuwa wa kurasa nne. Tulipiga marufuku kuita tawi kwa jina la mtu; tawi likaitwa kwa kazi yake. Tawi la Bi Mwajuma likawa tawi la orodha ya mafundi. Hilo aliliomba yeye mwenyewe, siku ya pili baada ya kamati, kwa sauti ya kawaida kabisa: jina langu mlitoe humo. Tukaandika kwamba kufungua tawi ni kulitengeneza, kuhamia tawi ni amri ya pili, na kabla hujaingiza chochote uiulize mashine imesimama tawi gani. Tukaandika kwamba nakala ya akiba hairudishwi juu ya kazi mpya bila kulinganisha mstari kwa mstari. Mifumo mnayotumia leo ni mizuri zaidi, lakini nimeona wahitimu wenye vyeti vizuri kuliko changu wakifungua tawi na kuendelea kufanya kazi pale pale walipokuwa.

Kwenye ukurasa wa nne kuna mfano uitwao Kosa la Restituta. Nimewasikia mkiusimulia kwa miaka, mkidhani ni hadithi ya kutungwa ya kuchekesha wageni, na mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama nimewahi kumjua huyo mwanamke. Bi Mwajuma ndiye aliyetaka jina liwemo. Nilikuwa nimeandika “mfanyakazi mmoja”. Alichukua kalamu, akakata, akaandika jina langu kamili, akanirudishia.

Tulifanya kazi pamoja miaka sita baada ya hapo. Alinifundisha mengi: kusoma mwandiko wa mafundi, kujua kipimo cha uongo kabla hujakihakiki, kuzungumza na mtu wa kijijini kwenye simu bila kumkatiza. Alikuja kwetu Iringa kwenye msiba wa baba. Hakuwahi kunitamkia tena habari ya bahasha, wala mbele ya watu hakunionyesha uso mbaya hata siku moja.

Ila kila Jumamosi, alipomaliza kuingiza, alichapa alichoingiza. Na kila Jumatatu, nilipofika, karatasi ilikuwa juu ya meza yangu na kalamu juu yake.

“Linganisha, mwanangu, kisha saini hapa,” alisema. “Na tarehe.”

Nililinganisha, nikasaini, nikaweka tarehe. Jumatatu ya mwisho kabla hajastaafu nilifika mapema, nikafikiri labda leo haitakuwepo. Ilikuwepo. Nilisaini. Alikuja akaichukua, akapitisha kidole kwenye kila mstari hadi chini, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake.

“Ahsante, mwanangu,” akasema, akaenda kuvaa viatu.